Gharama ya Baiskeli ya Milimani



Kila kundi lina jambo lake linalorudi kikaoni hata lisipoitwa. Kwetu, katika parokia zilizopandana juu ya vilima vya Bukavu, jambo hilo mwaka huu lilikuwa baiskeli. Si ile ndefu ya kupakia makala, bali baiskeli ya milimani, ambayo wengi wetu twaiita VTT kwa Kifaransa, yenye matairi mapana ya meno, gia nyingi na breki kali. Vijana wanaitamani kwa ajili ya mchezo. Makatekista wanaitamani kwa ajili ya vikanisa vya mbali, ambako pikipiki hudai nauli isiyokuwepo. Wote hukwama mahali pamoja, penye bei. Tumeona vema kuandika juu ya bei hiyo, kwa kuwa ndani ya swali la fedha mna maswali mengine ambayo kwa kawaida hayasemwi kikaoni.

Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Yezu anataja mtu atakaye kujenga mnara. Tumezoea kusikia mfano huo ukifafanuliwa juu ya gharama ya kumfuata Bwana, na ndiyo maana yake. Lakini mfano usingekuwa na nguvu hiyo kama kuhesabu fedha kungekuwa jambo la aibu. Bwana, aliyekulia katika nyumba ya fundi, alijua jinsi mbao zinavyopimwa kabla ya kukatwa. Na tendo la kwanza analompa mjenzi ni kuketi. Sisi mara nyingi hufanya hesabu tukiwa tumesimama mbele ya duka, mkono ukiwa tayari mfukoni.

Inafaa kwanza kujua baiskeli hii ilitoka wapi, maana wengi hudhani ilizaliwa nyumbani mwa matajiri. Katika miaka ya 1970, huko California nchini Marekani, vijana wa wilaya ya Marin walianza kukusanya baiskeli kuukuu za chuma zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, nyingi zikiwa za Schwinn, ambazo zilikuwa zimeachwa vibandani na kuuzwa kwa dola chache. Walizivua mapambo, wakazivisha matairi manene, wakazipandisha njia za vumbi karibu na mlima Tamalpais, kisha wakateremka nazo. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Joto lake lilikuwa kali kiasi cha kuunguza grisi yote, hata baada ya mteremko ikabidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya, mteremko wao uliitwa Repack, na mbio za kwanza zilifanyika hapo Oktoba 1976. Kabla ya kuwa wanunuzi, watu wale walikuwa mafundi. Tunaomba neno hilo likumbukwe, maana tutalihitaji mbele.

Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu iliyokusudiwa tangu mwanzo kwa ajili ya milima. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli ambazo fremu zake zilitengenezwa na Tom Ritchey, kwa bei iliyopita dola 1,000. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilileta sokoni Stumpjumper kwa dola 750, nao wanunuzi wakaongezeka. Kufikia mwaka 1996 mbio za baiskeli za milimani ziliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Hivyo ndani ya miaka 20 kitu kilichookotwa kibandani kiligeuka kuwa bidhaa yenye madaraja, na kila daraja lina kitu cha kumfanya mtu ajione mnyonge: springi za mbele, springi za nyuma, breki za mafuta, fremu ya kaboni, viatu vinavyonaswa kwenye pedali, hata suruali yenye sponji.

Twende kwenye mfano mmoja tu, ule wa magurudumu. Kwa miaka mingi gurudumu la baiskeli ya milimani lilikuwa la inchi 26. Kisha wafanyabiashara wakaleta la inchi 29, halafu la inchi 27.5, na yana faida zake za kweli penye mawe na mizizi. Lakini baiskeli ya inchi 26 haikuvunjika siku ile. Iliacha tu kutamaniwa. Ndipo bei yake ikashuka, na nyingine zikapakiwa katika makontena ya mitumba hadi zikatufikia. Aliyezichoka huko alituachia chuma kizuri. Hatuoni haya kulisema hilo, na kijana anayemcheka mwenzake kwa sababu ya ukubwa wa gurudumu hajui anachokicheka.

Wala tusijione wageni katika habari hii. Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini wana chukudu: magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani wa mti, hakuna pedali. Vijana huteremka nalo toka Kibumba hadi Goma likiwa limesheheni makabichi, viazi na makala, na mjini limejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Yule Tom Ritchey tuliyemtaja alipofika Rwanda mwaka 2005 aliona vyombo vya mbao vya namna hiyohiyo. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyopewa jina la baiskeli ya mbao, Wooden Bike Classic, na wakulima wakaletewa kwa mkopo baiskeli ndefu za kubebea magunia ya kahawa. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa timu, na mmoja wa timu hiyo, Adrien Niyonshuti, alishindana katika mbio za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Tunayajua machungu yaliyopo kati ya kingo mbili za Ruzizi, na hatuyafuti kwa wino. Hata hivyo jambo jema la jirani hubaki kuwa jema.

Sasa hesabu yetu. Kundi letu lina vijana 34, wasichana 15 na wavulana 19. Tunaweka akiba kwa namna ya AVEC, kama wafanyavyo mama zetu: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na kitabu kinachosomwa kwa sauti mbele ya wote. Kila mmoja alitoa franka 1,000 kwa juma alipoweza. Majuma ambayo karo ilidaiwa, au soko lilipofungwa kwa sababu ya milio ya risasi, wengi hawakuweza, na hakuna aliyeulizwa sababu. Baada ya miezi tisa sanduku lilikuwa na dola 390 baada ya kubadilisha.

Tulipotangaza kiasi hicho, mama mmoja wa shirika letu alisimama baada ya sala, akasema, "Wanangu, nyumba hii ina watoto waliorudishwa toka shule, na ninyi mnatafuta kofia za dola 20?" Hakuna aliyemjibu haraka, na ndivyo ilivyostahili. Mtu mzima akiuliza hivyo haombi majibu, anaomba tuangalie. Tuliangalia. Mfuko wa mshikamano, ule wa magonjwa na misiba, huwekwa katika mkoba wake ndani ya sanduku lilelile, na haukuguswa. Zilizobaki zilikuwa akiba ya vijana wenyewe, iliyotolewa kwa kusudi lililosemwa wazi tangu siku ya kwanza. Tulimwonyesha kitabu. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akarudisha, akasema, "Basi msinunue takataka." Tuliona kuwa ni neno la baraka, kwa namna yake.

Tuseme wazi pia kwamba hatukutaka kuzitetea baiskeli kwa kazi ya vikanisa peke yake. Ni kweli zinafika kwa wagonjwa, na zinampeleka mwalimu wa kwaya kwenye kikanisa cha mlimani kabla jua halijakuwa kali. Lakini kijana anayepanda kilima kwa nguvu ya miguu yake, akafika juu akihema, akaliona ziwa lote chini yake, amepata kitu ambacho hatuna haja ya kukitafutia udhuru. Maskini naye ana haki ya kufurahi bila kutoa risiti.

Katika kikao palikuwa na maoni mawili. La kwanza lilipendwa na wengi: sokoni kulikuwa na baiskeli mpya zinazong'aa, zenye springi mbele na nyuma, kwa dola 65 kila moja. Sita zingemaliza dola 390 sawasawa, na picha ingekuwa nzuri. La pili lilikuwa la fundi wetu, mzee anayekaa njia panda na pampu yake tangu wengi wetu hatujazaliwa. Yeye alitwambia tununue tatu za mitumba, za chuma, zisizo na springi za nyuma.

Sababu zake zinastahili kuandikwa. Springi za bei ya chini, alisema, ni uzito tu. Hunywa nguvu za mpandaji kwenye kilima na baada ya mvua moja hushika kutu, kisha hazipandi wala hazishuki. Fremu ya chuma ikipata ufa, mchomeleaji wa mtaa huiunga kwa gesi na safari inaendelea, bali ya alumini hudai mashine na ustadi ambao kwetu ni nadra, na ya kaboni ikivunjika imevunjika. Breki za waya hutengenezwa kwa koleo na spana. Za mafuta hutaka vifaa visivyopatikana hapa. Halafu aligeuza moja ya zile mpya, akazungusha gurudumu, akatuonyesha linavyoyumba. Spoki zilikuwa zimelegea kabla haijapandwa hata mara moja. "Hii," alisema, "imetengenezwa ili iuzwe." Palikuwa na kicheko, lakini kura ziligeuka.

Tulinunua tatu kwa dola 80 kila moja, jumla dola 240. Kofia ngumu tatu kwa dola 20, jumla dola 60. Pampu, viraka na gundi yake, mipira miwili ya ndani, pedi za breki, kifaa cha kukatia mnyororo na spana zilichukua dola 42. Dola 48 zilirudi sandukuni kwa matengenezo. Wako waliohuzunika kuona fedha zikirudi sandukuni huku vijana 34 wakigawana baiskeli tatu, na huzuni yao ilikuwa ya haki. Lakini mvua kwetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na tope la vilima hivi hula pedi za breki na mnyororo kama mchwa alavyo mlango. Baiskeli isiyo na fedha ya matengenezo ni deni lililopakwa rangi.

Fundi alitufundisha pia kupima mnyororo, na hili ni la bure kwa kila kundi. Chukueni kipimo cha chuma cha seremala. Hesabuni vipande 24 vya mnyororo, toka kijiti cha kwanza hadi kijiti cha mwisho: ukiwa mpya, urefu ni milimita 305 hivi. Ukifika 307, ubadilisheni bila kungoja. Mnyororo uliochakaa husaga meno ya gia, na gia ni ghali mara kadhaa kuliko mnyororo. Kijana anayeahirisha gharama ndogo kwa kujionea huruma huja kulipa ile kubwa akiwa na fedha ileile.

Juu ya kofia ngumu tutakaa kidogo zaidi, maana hapo suala si fedha tena. Kijana mmoja mfanyabiashara, anayejulikana kwetu, alituletea kofia za dola 6. Zilikuwa za rangi nzuri, na ndani zilikuwa na kitambaa. Fundi alibonyeza kwa kidole: chini ya kitambaa hapakuwa na kitu. Kofia ya kweli ina ndani yake ule utando mweupe mzito na mwepesi kubeba, unaofanana na ule unaofungiwa redio na televisheni. Kazi ya utando huo ni kupondeka ili fuvu lisipondeke, nao hupondeka mara moja tu. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka na kichwa cha mtu, hata kama ganda lake halina ufa, imemaliza kazi yake. Ndiyo sababu kofia ya mitumba tuliikataa, ijapokuwa baiskeli ya mitumba tuliikubali. Katika zile tulizonunua mna kibandiko cha kanuni ya Ulaya, EN 1078; kibandiko nacho huweza kughushiwa, kwa hiyo kidole kibonyeze vilevile.

Tulimwita yule kijana pembeni, tukamwonyesha. Alisema naye alizinunua hivyo, hakujua, na mtaji wake wote umo humo. Tulimwamini. Akatuuliza swali ambalo bado linatukaa moyoni: "Nikizitupa, nani atanilipa?" Hapo tulimkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mlei kama sisi, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007, akiwa na miaka 26, alikataa fedha alizopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Aliuawa Julai ya mwaka huo, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri huko Roma. Si kwamba kijana wetu ni sawa na wale waliotaka kumhonga. Yeye alidanganywa kabla ya kudanganya. Lakini mlango ambao Floribert aliufunga kwa maisha yake ni huohuo: kichwa cha mtu asiyejulikana, tumbo la mtu asiyejulikana, upande wa pili wa biashara.

Wengine kikaoni walisema tumnunulie hasara yake. Wengine walisema hilo lingekuwa kulipia uongo wa mtu wa mbali. Mwishowe vijana wanane walimchangia franka kutoka mifukoni mwao, si sandukuni, akanunua bidhaa nyingine, na zile kofia akazikata katikati mbele yetu. Hazikuwa zote. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na hutokea tukiziona barabarani. Tunapoziona tunamsimamisha mwenye nayo na kumwonyesha kwa kidole. Baadhi hushukuru, baadhi hutuambia tushughulike na mambo yetu.

Kuna hesabu nyingine iliyofanywa na wasichana wa kundi, nayo ndiyo iliyobadilisha aina ya fremu. Kabla ya kununua, dada mmoja aliuliza, "Baiskeli hizi ni za nani?" Aliposikia kwamba ni za kundi, akasimama kando ya baiskeli ndefu iliyopendekezwa, akashika bomba la juu lililofika kiunoni mwake, akauliza atalivuka vipi akiwa amevaa kitenge. Wote kumi na watano walikuwa wametoa franka 1,000 ileile. Hakuna mtu mjini mwetu asiyewajua mama wanaopanda kutoka bandarini na gunia mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso. Wengi wa wasichana hawa ni binti zao, na franka yao ilitoka katika mgongo huo. Kumbe fremu nyingi za milimani zina bomba la juu linaloteremka kuelekea kiti, na zikichaguliwa za kipimo kidogo humfaa msichana na mvulana mfupi, na mrefu naye huinua kiti tu. Tulichagua mbili za kipimo hicho na moja kubwa. Zamu huandikwa ukutani, na kofia hufuata zamu: asiye na kofia hapandi, hata kama ni mkubwa wa kundi.

Wako vijana nje ya kundi letu waliochukua njia fupi. Wamekopa kwa watu wa mtaani wanaotoza riba, wakanunua baiskeli ya kupendeza, na mwezi wa tatu baiskeli imeuzwa kwa nusu ya bei ili kulipa riba, mkopo wenyewe ukiwa bado. Hatutaongeza neno. Kila mtaa una mfano wake, na anayehusika hahitaji kuhubiriwa.

Wakati tunaandika haya, dola 48 zimekuwa 31. Mnyororo mmoja umebadilishwa, na pedi za breki za mbele zimekwisha kwenye baiskeli inayokwenda kwenye kikanisa cha mlimani. Dada wawili wameanza kupakia unga wa mama zao siku ya soko, na kundi limepanga franka 500 kwa kila mzigo ziingie katika mfuko wa matengenezo. Baadhi wanasema huo si utume bali biashara, na tozo iondolewe au mzigo ukatazwe. Wengine wanataka tuanze kuchangia baiskeli ya nne, ya mizigo tu. Kikao ni Dominika ijayo baada ya misa ya pili. Makundi ya parokia nyingine yaliyokwisha kununua au yanayojiandaa, tunawaomba mtuletee hesabu zenu kama zilivyo, na hasa mtuambie fremu za chuma zilizopitia mvua mbili kwenu ziko katika hali gani.